Posho ya Bibi wa Pili

Siku mbaya kuliko zote za kazi yangu haikuwa ile siku musumeno ulinichukua kidole. Kidole kilitoka mara moja, nikakifunga na kitambaa, nikapelekwa kwa daktari, na watu wote wakanihurumia. Siku mbaya ilikuwa siku ya mushahara, jua likiwaka juu ya ziwa, na hakuna hata mutu mumoja aliyenihurumia, juu wote walikuwa wanacheka.

Tulikuwa tumepanga mustari mbele ya dirisha la kalani. Kwa geti, upande wa barabara, bibi zetu walikuwa wamesimama na vitunga, sababu siku ya mushahara ilikuwa pia siku ya posho: unga, maharagi, chumvi, mafuta ya mawese, na ndagala, samaki wadogo, kama kamyo ya mizigo ya Uvira ilifika. Bibi yangu Nsimire alikuwa pale, mutoto wetu mugongoni. Kalani wa mushahara aliitwa Sosteni Kajangu. Ninaandika jina lake lote. Kama alitaka nimufiche, angenificha na yeye ile siku. Sosteni alikuwa muimbaji wa misa, na sauti yake ilikuwa inafika mbali hata asipotaka. Ile siku alitaka. Alipofika kwa jina langu alitabasamu, akainua kichwa upande wa geti.

"Bisimwa," akaimba. "Mushahara imekatwa. Kodi ya bibi wa pili, Nabintu."

Nabintu alikuwa mujane wa mukubwa wangu, mutoto wa mama yangu, aliyekufa. Alikuwa anaishi kwangu na watoto wake wane. Shemeji yangu. Mimi nilikuwa mukristu wa bibi mumoja, niliyefungia ndoa kanisani na viatu vya kuazima.

Mustari wote ulipasuka kicheko. Mutu mumoja nyuma yangu akasema, "Kumbe Papa Bibi Mbili!" na jina likanikaa palepale, kama kole ya moto inayogandisha mbao. Nilipokea vile vipesa vichache vilivyobaki, havikufikia hata kununua sabuni, nikaangalia geti. Wanawake wengine walikuwa wanacheka na wao. Nsimire hakucheka. Aligeuka na kitunga kikiwa kitupu, akaenda zake bila kungojea posho. Ninyi hamujue mwanamuke kuacha posho ilikuwa ni nini siku zile.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Ninyi vijana wa atelie, karakana yetu ya mbao, muliniomba niandike juu ya kazi, daktari alipokwisha kusema kifua changu kimejaa vumbi ya mbao ya libuyu na nirudi nyumbani. Basi nitaanza na kazi, na hiyo ingine itafika yenyewe. Mimi sikusoma sana. Nilianza shule kwa mapadri, nikafika mwaka wa pili, na kwa mwaka wa tatu ng'ombe wa baba walihitaji mutu wa kuwachunga. Musinitafutie makosa ya kuandika. Tafuteni makosa kwa milango yangu kama mutaiona.

Nilitoka upande wa Kabare kwa miguu, nikafika Bukavu kijana wa mabega mazuri na akili kidogo. Atelie ilikuwa kule chini karibu na ziwa. Patron, mwenye atelie, alikuwa muzungu wa masharubu makubwa, tukamuita Bwana Mustashi, na nafikiri alijua. Tulikuwa tunafanya milango na madirisha. Kulikuwa na mingi ya nyumba mpya za Bagira, ile yote inafanana kama mayai, na michache ya nyumba za wazungu kule kwenye ziwa, kila mumoja na kiburi chake. Nilifikiri nitapewa randa siku ya kwanza. Nilipewa ndoo ya misumari iliyopindika, iliyotolewa kwa masanduku, na nyundo isiyokuwa na mupini muzuri. Kazi: kunyoosha. Siku nzima nikanyoosha misumari na vidole vyangu vyote. Jioni vidole vilikuwa vimenenepa kama vya muzungu.

Aliyenipa ile ndoo alikuwa Fundi Kabwika, mutu wa Mwenga, mufupi, mweusi sana, kofia ya mafuta kichwani. Alitoroka kazi ya dhahabu kwao, alisema, sababu dhahabu inakaa chini na yeye anapenda kukaa juu. Aliangalia misumari yangu, akaokota mumoja, akaupiga kidogo.

"Weye Mushi," akasema, vile wanaita watu wa kwetu, "musumari unaunyoosha kwa mugongo yake, si kwa tumbo. Unapiga tumbo, unavunjika. Hata mutu njo vile."

Ile ndiyo masomo yangu ya kwanza, na ninawapa bule. Mengine aliyonifundisha muliyaona kwa mikono yangu: kupanga mbao mupya na vijiti katikati ili upepo upite, kunoa patasi kwa jiwe la muto na maji, si mafuta, mafuta inafanya mutu aone imekata wakati bado, kufanya ulimi wa mbao kubaki na unene wa kupita tundu kidogo, uingie kwa kulia. Kama haulii, alisema, utacheka wewe leo, na mulango utacheka kesho kutwa, viungo wazi. Mbao mbaya alikuwa anaziita majina ya makapita, wanyapara wetu. Kapita akipita, Kabwika anasema kwa sauti, "Huyu Rukeba amejikunja tena," na sisi wote tunainama kwa randa ili tusionekane meno.

Nilikaa pale, nikapanda toka misumari hadi randa, toka randa hadi milango. Nikaoa Nsimire, mutoto wa katekista upande wa Walungu. Tukapata nyumba Kadutu, vyumba viwili na jiko nyuma. Sikosi kusema ilikuwa miaka mizuri. Jumamosi tulikuwa tunashuka mjini, ninamununulia kikwembe cha kujifunga, yeye ananishauri vile nitakavyonunua shati, na ninanunua ile yake.

Halafu mukubwa wangu akafa, kwa homa, kwa siku chache.

Kwetu, mutu akikufa, nyumba yake haifungwe. Ndugu yake anasimama pale. Njo desturi, na zamani kusimama pale kulikuwa ni kumuchukua mujane pia. Wazee walikaa, pombe ya kasigisi katikati, na kila mutu akaniangalia mimi. Niliwaambia niko mutu wa ndoa ya kanisa, nitasimama kwa nyumba ya mukubwa wangu lakini si kwa kitanda chake. Nabintu mwenyewe alisimama. Mwanamuke murefu, mwembamba, anayeongea kama mutu anayevunja kuni. Akasema yeye hahame toka zizi moja hadi lingine kama ng'ombe, anataka watoto wake wasome mjini, na atakuja kwangu kama shemeji, na mutu anayetaka kusema kingine aseme sasa, yeye yuko.

Wazee wakarudi kwa pombe yao. Lakini kulikuwa mutu mumoja pale aliyekuwa amevaa suti ya kahawia kwa kilio, na aliyenyamaza vibaya. Huyo ni Bonifasi Zihindula, kalani wa kodi wa chifu wetu. Alikuwa na bibi wake na alikuwa anamutaka Nabintu tangu mukubwa wangu hajapoa. Alikuwa amemutumia sukari. Nabintu alirudisha sukari, na mutoto wa kuipeleka alisema kwa njia yote, "Mama amekataa! Mama amekataa!" Kijiji kizima kikajua. Hiyo sukari njo iliyokata mushahara wangu.

Nieleze vizuri, juu vijana hamujue. Siku zile mwanaume alikuwa analipa kodi ya kichwa chake, na kama alikuwa na bibi wa pili, alikuwa analipia na yeye. Mapadri walikataza bibi wa pili. Serikali ya wazungu ilikataza kuoa wapya, lakini wale wa zamani iliendelea kuwatoza. Ilikataza na mukono moja, ikapokea na mukono mwingine. Mimi sikusoma sana, ile hesabu ilinishinda. Halafu: mutu wa kijiji asiyelipa, polisi anakuja, anamupeleka buloko, kule gerezani, anakata majani ya barabara. Mutu wa kazi mjini hawakumupoteza bule. Karatasi ilikuwa inaenda kwa patron wake, na patron anakata mushahara mbele mutu hajauona. Kodi ya kichwa changu nilikuwa ninalipa kila mwaka, mie na kichwa changu hatukuwa na deni. Lakini Zihindula aliandika kule kwa chifu kama Bisimwa alirithi mujane wa mukubwa wake, akamupeleka mjini, na tangu siku ile hajamulipia. Kodi ya nyuma yote. Karatasi ikatembea toka kwa chifu hadi biro ya teritware, ofisi ya wazungu ya wilaya, toka teritware hadi atelie, hadi kwa mudomo wa Sosteni.

Na ile siku ya mushahara nilipofika nyumbani, Nsimire alikuwa anakunja nguo zake. Nabintu alikuwa sokoni na watoto. Nikasema maneno mengi, yote ya kweli. Nikamuambia yeye mwenyewe njo anamufungulia Nabintu mulango asubuhi, anajua nani analala wapi.

"Mie nilikuwa ninajua," akasema Nsimire, akikunja kikwembe kile nilichomununulia. "Sasa serikali inajua kingine. Majirani banajua kingine. Kumbe ni mie peke yangu nilikuwa sijue?"

Watu walikuwa wanaamini karatasi siku zile. Mutu akisema uongo, anaitwa muongo. Uongo ukiandikwa na kugongwa muhuri, unaitwa amri. Nsimire akabeba mutoto, akapanda kamyo ya Walungu, akarudi kwa baba yake.

Nilimufuata Jumapili na kibuyu cha kasigisi. Baba mukwe, Papa Donati, alikuwa anatoka kanisani na kitabu chake cha katekismu kwapani. Alinisalimia vizuri, akanipa kiti, na kibuyu hakukigusa. Alikuwa mutu mwema, ninasema hivyo hata leo. Aliniuliza habari ya kazi, ya mvua, ya mjini. Halafu akaweka kitabu juu ya magoti.

"Mukwe," akasema, "mie ninafundisha batu bibi mumoja. Jumapili yote. Leo nimefundisha, na bale ba nyuma banakohoa. Unajua kukohoa ile. Mie ninakuamini. Lakini mie siko serikali. Serikali iliandika, serikali ifute. Ikifuta, nitamuleta Nsimire mie mwenyewe, kwa miguu. Kama haifute mbele ya Pasaka, nitakurudishia ng'ombe zako."

Kurudisha ng'ombe kwetu ni kuvunja ndoa. Nilimuona Nsimire kwa mulango wa jiko, anajifanya anapepeta maharagi. Maharagi ilikuwa imekwisha kupepetwa.

Basi nikaanza kutembea. Nilimuomba kapita Rukeba siku moja ya ruhusa, akanipa nusu, na ile nusu nayo ilikatwa. Nilianza kwa Zihindula kwa chifu. Nilimukuta anakunywa chai ya maziwa ndani ya biro. Alinisikiliza vizuri sana, akanitia hata sukari kwa chai. Sikuikunywa.

"Bisimwa," akasema, "unakataa bibi? Ni kazi ndogo. Kuja mbele ya bazee, sema umemuacha. Kesho yake mie nitamuchukua, na kodi yake itakuja kwangu. Unaona vile ninakusaidia?"

Nilikuwa na nyundo kwa mufuko wa koti. Nyundo niliiacha kwa mufuko. Hata hiyo ni ufundi.

Nikaenda kwa biro ya teritware. Nilisimama kwa veranda asubuhi yote pamoja na watu wa kesi za kondoo na za mipaka. Muzungu kijana alikuwa ndani, na mbele ya muzungu kulikuwa planton, tarishi wa kofia nyekundu, na planton alikuwa mukubwa kuliko muzungu. Akaniambia karatasi yangu ilikwisha kutoka pale, karatasi iliyotoka haina masikio, ni yule aliyeipokea tu anaweza kuijibu. Aliyeipokea ni patron. Nikarudi kwa patron. Sosteni kwa dirisha akasema amri ni amri. Nikapita Sosteni, nikaenda kwa Bwana Mustashi mwenyewe, aliyekuwa anapima kizingiti. Aliongea kiswahili cha kuamrisha, hakujua kingine. Akasema yeye hafanyi kodi, yeye anafanya milango. Na nirudi kwa mulango wangu.

Pale njo shida ilikuwa, na mimi sikuiona. Kukata mushahara wangu hakukumugharimu kitu Mustashi. Pesa ilikuwa yangu, aibu ilikuwa yangu, kazi ilikuwa yake.

Saa sita Kabwika alikaa karibu na mimi tukila mihogo na karanga. Alikuwa ameacha kuniita Mushi, alikuwa ananiita mukwe wa serikali. Alikuwa amelaza mbao moja ya libuyu iliyojikunja juu ya majani mabichi, tumbo chini, mugongo kwa jua. Akanionyesha na kidole cha mihogo.

"Ile mbao," akasema, "ukiipiga na nyundo itapasuka. Unailaza vile inapenda yenyewe, unaipa maji upande wa tumbo, jua upande wa mugongo, inanyooka mwenyewe na haya. Weye unatembea kwa ma-biro unasema siko na bibi mbili, siko na bibi mbili. Unapiga tumbo. Acha. Sema ndiyo, niko nabo, na niko na njaa yabo."

Alikuwa anatania. Kabwika alitania hata kwa mazishi. Jioni nilimuelezea Nabintu ile maneno ili nimuchekeshe, sababu tangu Nsimire aende alikuwa anatembea ndani ya nyumba kama mutu aliyevunja kitu cha wengine, na alisema mara mbili atarudi kijijini, hata kama kule kuna suti ya kahawia. Nikamuambia vile Kabwika alisema. Hakucheka. Aliweka mwiko chini, akasema, "Shemeji, posho ya bibi inatolewa siku gani?"

Siku ya mushahara iliyofuata, nilipanga mustari na moyo wangu chini. Kwa geti wanawake walikuwa wamejaa na vitunga. Mbele yao wote, mbele hata ya bibi wa kapita, alisimama Nabintu na kitunga kikubwa kuliko cha wengine, na watoto wane wamepangwa toka mukubwa hadi mudogo, uso umeoshwa, mafuta ya kutosha. Sosteni alipofika kwa jina langu alisema haraka, chini chini, "Bisimwa, imekatwa," na akataka kupita. Nabintu akamuita toka geti.

"Papa Sosteni! Sikusikia. Mwezi ule ingine ulisema vizuri. Sema tena na sauti ile."

Watu wakaanza kugeuka. Kapita Rukeba akaenda kumuondosha. Nabintu akamuambia kapita aangalie vizuri, ni bibi wa mufanyakazi wa atelie anayemugusa, bibi aliyeandikwa na serikali. Rukeba akaondoa mukono. Wanawake wakaanza kusema, "Asome! Asome!" Sosteni akaangalia huku, akaangalia kule, akasoma. Kodi ya bibi wa pili, Nabintu. Sauti haikuwa ya misa tena.

"Aksanti," akasema Nabintu. "Nabintu njo mie. Kama niko bibi kwa kodi, niko bibi kwa posho. Unga yangu, na ya batoto bane. Mawese pia. Na ya miezi yote ya nyuma, sababu kodi nayo mulihesabu ya nyuma."

Kicheko kilipasuka tena, lakini safari hii hakikunipiga mimi. Bwana Mustashi akatoka ndani kuona ni nini. Sosteni akamuelezea kwa kifaransa. Mustashi akasema kwa atelie posho ni ya bibi mumoja kwa mwanaume mumoja, haijapata kuwa mbili. Nikajisikia ninaongea, na sikupanga.

"Patron, kama ni mumoja, munanikatia nini wa pili?"

Akafungua mudomo. Nyuma yangu sauti ya Kabwika ikasema taratibu, na heshima yote, "Patron, na mie niko na mujane wa mudogo wangu kule Mwenga, na batoto. Sikujua inaruhusiwa. Nitamutumia habari, kamyo ya kesho itamuleta." Mutu wa tatu kwa mustari akakumbuka mujane wa mujomba wake kule Kamanyola. Mwingine akakumbuka wawili. Mustari mzima ulikuwa unakumbuka wafu wake. Sijapata kuona watu wanaheshimu wajane hivyo. Mustashi akatuangalia mumoja mumoja, na nafikiri aliona mifuko ya unga ikitembea toka store yake hadi kila kilima cha Bushi na cha Mwenga. Masharubu yalibaki palepale, lakini uso ulibadilika rangi chini yake.

Aliniita nipande nyuma ya kamyoneti, katikati ya milango ya Bagira, akaendesha mwenyewe hadi teritware. Planton wa kofia nyekundu alifungua mulango mbele hatujafika. Mustashi aliongea na yule muzungu kijana kifaransa kirefu, akipiga meza. Mimi nilielewa neno moja tu, sababu lilikuwa linaandikwa juu ya mifuko ya unga: farini. Alilisema mara nyingi. Ukweli wangu hakuusema hata mara moja. Lakini tulitoka na karatasi mupya, na jina la Nabintu limefutwa kwangu. Nilitembea miaka kadhaa na ile mawazo: bibi yangu alirudi juu ya unga, si juu ya haki. Leo nimeizoea, ninaweza kuicheka kidogo.

Nabintu alikataa kuondoka kwa geti bila kitu. Mustashi akaamuru apewe kipimo kimoja cha unga na chumvi kidogo ili anyamaze. Tulipika bugali ya ile unga, na Kabwika alikuja kula, na alikula kama mutu aliyeifanyia kazi.

Papa Donati alitimiza neno. Alimuleta Nsimire mbele ya Pasaka, kwa miguu, yeye mbele na kitabu, Nsimire nyuma na mutoto. Alisoma karatasi mbele ya mulango wangu, majirani wakisikiliza, polepole, kama anasoma Injili. Halafu akauliza kama kibuyu kile bado kiko. Kilikuwapo, nilikuwa nimerudi nacho. Nabintu na Nsimire waliingia jikoni, na sikuambiwa walisema nini kule. Nilisikia tu wanacheka, na nilijua wanacheka mimi.

Siku ya mushahara iliyofuata, Nsimire alikuwa kwa geti. Sosteni aliita jina langu kama mutu anayeungama: "Bisimwa, yote." Nsimire akamuambia toka kule aseme kwa nguvu, sababu ile mwezi mubaya alisikia vizuri sana. Aseme mushahara yote, bibi mumoja. Sosteni akafunga dirisha, akasema ameenda kutafuta wino. Na ile miezi iliyokatwa? Nilipouliza, nikaambiwa kilichokatwa kimekwenda Leopoldville. Hakikurudi. Zihindula hakuulizwa na mutu.

Baadaye wazungu walienda, Mustashi akaacha atelie na masharubu yake akaenda nayo, patron wengine wakaja. Kabwika alikufa mikono yake bado inanuka kole. Nilifundisha wengi, na wale munaonijua munajua ulimi wangu unaingia kwa kulia. Kazi nilipenda. Nikizaliwa tena nipewe ile ndoo ya misumari, nitaichukua.

Lakini siku ya kuniaga, mulinipa saa ya mukono na fanta, na direkta akatoa hotuba nzuri, akamaliza: "Tunamushukuru Papa Bibi Mbili wetu." Mukapiga makofi. Ninyi hamukujua jina lilitoka wapi, siwahukumu. Lakini Nsimire alikuwa amekaa karibu na mimi, na kikwembe kipya, na alipiga makofi pia, na nilimuona mikono inagusana bila sauti.

Kwa hiyo ninaandika. Jina langu lilipakwa uchafu kwa sauti kubwa, likaoshwa kwa sauti ndogo. Ile serikali iliyokata ilikwisha kwenda na pesa yangu, sijue pa kuipata. Lakini watu wawili bado wako hai. Sosteni Kajangu bado anaimba misa ya kwanza, na sauti bado inatoka. Bonifasi Zihindula anakaa Bagira, mustari wa pili toka kanisa, anatoka na kuingia kila siku kwa mulango nilioufanya mimi. Niliutambua kwa vigingi. Simutaki pesa, na nyundo itabaki kwa mufuko.

Ninataka waje kwa geti la atelie, siku ya mushahara, watu wote wakiwa pale. Zihindula aseme kwa mudomo wake: nilimutaka, akanikataa, nikamuandika. Halafu Sosteni aite jina langu, na aseme vile Nsimire alimuomba, na sauti ile ya kwanza, hadi barabarani. Papa direkta, ni kwako kuwaita. Nsimire atakuja. Mama Nabintu naye atakuja, magoti yanamuuma lakini amesema atafika. Kitunga bado anacho, na anasema kuna posho ya miezi ya nyuma hawajamaliza kumupimia.